Siku Mama Alipokaa Chini

Mjukuu wangu Salma,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Huku Dunda sote wazima. Mvua za vuli zimeanza, na mjomba wako ameshaziba paa la jikoni.

Umeniuliza kama ni uvivu kushinda ndani siku nzima na paka wako huko ugenini. Nimemkumbuka mama yangu. Mwaka tuliomzika mdogo wangu, mama hakukaa chini. Alifagia palipokwisha fagiliwa. Siku moja ya vuli, alipomaliza kupepeta mchele, paka wetu alimpanda mapajani akalala. Baba akarudi na njaa.

"Chakula tayari?"

"Paka amelala," mama akajibu.

Baba akakunja mikono ya kanzu, akaenda kuwasha moto mwenyewe. Wali ukaungua. Tulipokwenda kumwita mama, naye alikuwa amelala, ameegemea ukuta, mkono juu ya paka.

"Mwacheni," baba akanong'ona. Tukala wali ule bila kugonganisha hata sahani.

Basi kaa, mjukuu wangu, upumzike. Mola akutulize moyo.

Bibi yako