Kitabu cha Kurasa Tupu

Chuoni, Dar es Salaam

Mke wangu Anastazia,

Nakusalimu, wewe na huyo uliyembeba. Miguu imeacha kuvimba? Na baridi ya Chala mwaka huu ikoje? Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio umechoka.

Matokeo yamebandikwa. Mwenzangu wa chumbani, Yusufu, alikuwa akinisomea ubaoni, akafika kwenye jina langu akakohoa. Nikajua. Nimefeli Historia. Narudia mtihani Septemba, kwa hiyo likizo hii siji. Mtoto atazaliwa nikiwa huku.

Nikueleze ilivyokuwa, usije ukasikia kwa watu kwamba sikusoma. Sisi tusioona tuna kompyuta inayosoma kwa sauti. Kiswahili inakitamka kama Mzungu aliyeshuka jana, lakini nimeizoea, na kitabu kilichochapwa kwa herufi inakisoma chote. Kitabu cha Historia nilipewa kwenye sidii. Nikafungua, kompyuta ikasema: ukurasa mtupu. Wa pili, wa kumi: mtupu. Nikampelekea mkutubi.

"Mbona kimo chote, kaka? Nakiona hapa."

"Wewe unakiona, dada. Mimi naambiwa ukurasa mtupu."

Kumbe kurasa zilipigwa picha tu, na mashine haioni maandishi ndani ya picha, sawa na mimi. Wakaahidi kutafuta mtu wa kuzichapa. Kila nikiuliza, kesho. Yusufu alinisomea sura tatu, naye ana masomo yake. Maswali yakatoka kwingine. Niliandika namba yangu ya mtihani, basi.

Jana nilikwenda kwa mkuu wa idara.

"Mwalimu, naomba nichapiwe kitabu kwanza, ndipo nirudie."

"Nitalifikiria."

"Nasubiri hapo nje."

Nilikaa kwenye benchi mpaka wakafunga ofisi. Kesho nakwenda tena.

Baba usimwambie kwanza. Ameshatangazia jumuiya nzima kwamba mwakani mimi ni mwalimu. Msalimie tu. Mama mkwe mwambie namtegemea kwa kukukanda. Shemeji Filbert amalizie kupura ulezi, wewe usiinuke. Dada yangu wa Mwazye aje akae nawe. Mtoto akiwa wa kike, jina chagua wewe.

Barua hii nimeichapa mwenyewe. Yusufu alitaka kuniandikia, nikakataa. Sikutaka mtu mwingine ajue kabla yako kwamba nimelia.

Ni mimi mumeo,
Deogratias