Kocha Anayeficha Visahani

Crescent Town, Toronto
22 Februari 1998

Mpendwa mdogo wangu Zephania,

Natumaini barua hii itakukuta umekaa kibarazani, goti lako limetulia, na shemeji Jacqueline amepona kile kikohozi cha Krismasi. Sisi huku hatujambo. Binti yangu Clementina anaendelea na kazi yake ya maabara, na baridi nayo inaendelea na kazi yake. Sasa navaa jozi mbili za soksi kwa pamoja, jambo ambalo marehemu mke wangu angelicheka mpaka machozi.

Mjukuu wetu Asumpta anakua vizuri. Bado ananijibu kwa Kiingereza kila ninapomsemesha, nami nimeacha kumlaumu. Tangu nije kuishi nao nimemfundisha jambo moja tu la kwetu, akalishika: mkubwa akikuita, acha unachofanya, mwelekee, uitike abee. Hata awe na mswaki mdomoni huja mbio kuitika, povu likimchuruzika.

Mwezi uliopita nilikuandikia kwamba kocha wake ni mtu wa hila, nikakuomba uwaambie ndugu wote hapo Mbinga kuwa namtoa mtoto kwenye timu. Nakuandikia upesi kuhusu jambo hilohilo. Lakini niruhusu nianze mwanzo, maana unanijua, siwezi kueleza kitu kuanzia katikati.

Mchezo wenyewe ni huu. Wasichana huteleza juu ya barafu kwa viatu vyenye makali chini, wakigombea kisahani cheusi cha mpira mgumu kwa fimbo ndefu. Asumpta ni beki. Kisahani kikirushwa nyuma ya lango letu, yeye ndiye hukifuata kwenye kona, uso ukutani, mgongo kwa wapinzani, na inampasa akitoe salama kabla hawajamfikia. Kocha anasema mechi nyingi za watoto hupotea hapo, kwa sababu kila mtoto anataka kujifunza kufunga na hakuna anayetaka kujifunza kutoka.

Kocha huyo anaitwa Nazir, Mhindi wa Tabora aliyeletwa huku akiwa kijana mdogo. Siku ya kwanza aliniamkia shikamoo mwalimu, kwa Kiswahili safi kuliko cha Clementina, na papo hapo nikaanza kumshuku. Mtu asiyekujua, akuheshimu kiasi hicho ili iweje?

Kisha nikaona mazoezi yake. Aliacha visahani vyote ndani ya ndoo, akawatoa wasichana kwenye maegesho ya magari wakiwa na raba miguuni, akawatembeza huku na huku kama wanaotafuta ufunguo uliopotea. Mwalimu gani wa mpira anaficha mpira? Nilipomuuliza, alinieleza kwa upole kwamba anawajengea mazoea kwanza. Beki ageuze kichwa na kutazama juu ya bega kabla hajagusa kisahani. Winga amsubiri akiwa ameegemeza mgongo ukutani, asitangulie kukimbia. Na beki wa pili, anayebaki mbele ya lango, amwambie mwenzake nani anakuja na kutoka wapi, kwa kuwa aliyegeukia ukuta hana macho ila sauti ya mwenzake.

Maelezo yalikuwa mazuri. Tatizo ni kwamba huyo beki wa pili alikuwa Nargis, binti yake mwenyewe. Wa kwake anasimama wazi mbele ya lango, wa kwetu anatumwa konani kukimbizwa! Na je, Nargis akiamua kunyamaza?

Nikaanza kuchunguza. Wakati wa mazoezi mimi hukaa ghorofani, kwenye mgahawa wenye kioo kinene, nikinywa kahawa ambayo nashuku imechemshwa tangu jana yake. Kule chini Asumpta alifanya kila kitu barabara. Lakini siku za mechi, niliposhuka kusimama na wazazi wengine, mambo yaliharibika. Alikuwa akifika kwenye kisahani, anatazama begani, halafu ghafla anasimama kama mtu aliyesahau alichokifuata. Mpinzani huyo, goli hilo. Nikajiambia kwamba siku za mechi kocha anampa maagizo mengine. Nikamuuliza mtoto garini kama Nargis anamwambia ukweli. Akavuta kofia mpaka masikioni, akasema kwa Kiingereza chake kuwa hakuna kitu. Hapo nikazidi kuamini kwamba kitu kipo. Clementina akaniambia, Baba, ni mchezo wa watoto, usianze.

Nikaanza. Baada ya kufungwa na timu ya North York nilimsimamisha Nazir mbele ya wazazi, nikamwambia anamtoa kafara mtoto wa mwenzake ili wa kwake ang'ae. Wasiojua Kiswahili walielewa kwa kidole changu. Yeye alifuta miwani yake polepole, akasema tu, mwalimu, mechi ijayo usisimame na wazazi, njoo benchi uone kwa karibu. Nikajua anataka kuniweka mahali atakaponiona. Nikakubali, na nikamwambia Clementina kuwa hiyo ndiyo itakuwa mechi ya mwisho ya Asumpta.

Tulicheza na wasichana wa Brampton. Kisahani kikaenda konani, Asumpta akakifuata. Nargis akapaza sauti, mmoja, kushoto kwako! Nilimsikia kwa masikio yangu, na alisema kweli. Asumpta akatazama begani kama alivyofundishwa. Mimi nikamwona yule msichana mrefu wa Brampton anakuja, na kama kawaida yangu nikamtahadharisha kwa ile sauti yangu ya paredi ya shule: Asumpta! Wazazi wote hupiga kelele, na watoto wao huzisikia kama wanavyosikia ngurumo ya friji. Wa kwangu alisimama. Aliacha kisahani, akanigeukia, na ndani ya wavu wa kofia yake nikaona midomo ikifunguka na kufumba.

Zephania, mtoto alikuwa ananiitika abee.

Tulifungwa goli. Baadaye nilimuuliza Nazir kama alijua. Akakiri kuwa Nargis alimwambia tangu Novemba, lakini Asumpta alimsihi nisiambiwe, kwa sababu babu ataona aibu. Akasema kule Tabora bibi yake akiita kutoka jikoni, yeye aliacha hata penalti. Hakuweza kumwambia mtoto asimwitike mkubwa wake, na hakupata mdomo wa kuniambia mimi ninyamaze. Nikamwomba radhi mbele ya wazazi walewale, safari hii kwa Kiingereza, wasikie wote.

Jana walicheza tena. Nilisimama na wazazi, skafu nimeing'ata kwa meno. Kisahani kikaenda konani, mpinzani akaja mbio. Nikatafuna sufi. Asumpta akatazama begani, Nargis akaita, kisahani kikapita ukutani mpaka kwa winga, kikatoka. Hakuna aliyeshangilia, kwani jambo kama hilo halishangiliwi. Nilipiga makofi peke yangu.

Alipotoka kubadilisha nguo alikuja kusimama mbele yangu, nywele zimelowa, akaniuliza kwa Kiswahili kizima ambacho sijawahi kukisikia kwake: Babu, mbona leo hukuniita? Umenikasirikia?

Nilimbebea begi mpaka garini, ndipo nikamwambia kuwa kwenye barafu sitamwita tena, ila nyumbani abee yangu naidai palepale.

Basi, waambie ndugu wote uliowapa habari ile kwamba mtoto anabaki kwenye timu na kwamba Nazir ni muungwana. Usipunguze neno. Kuhusu kahawa ya pale, shaka yangu haijaondoka.

Msalimie shemeji na wanao wote, na majirani wanaonikumbuka. Clementina na Asumpta wanakuamkia shikamoo.

Ni mimi kaka yako akupendaye,
Bernard