Daftari la Waliopatanishwa

Nyumba yetu ileile,
Jumapili, tarehe 9 Juni

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu nyingi kutoka huku. Kifua chako kinaendeleaje? Wifi hajambo, na mapacha wameshaizoea shule mpya? Mimi ni mzima, ila goti linanisumbua kwenye ngazi. Tangu Jumatano nyumba imekuwa na nafasi kuliko ninavyohitaji.

Utauliza kitinda mimba wetu yuko wapi. Nianze mwanzo.

Kazi yangu ya ukarani kanisani unaijua. Wanandoa wakigombana, Mchungaji huwaketisha benchi moja ofisini, huwasikiliza na kuwaombea, nami naandika kwenye daftari: "Wamepatana." Shemeji yetu, mzee wa kanisa, alikaa benchi hilo na mdogo wetu mara tatu. Mara zote aliongea yeye, mdogo wetu akaitikia kwa kichwa, nami nikaandika. Mkono ni wangu, simsingizii mtu.

Mwezi uliopita walirudi mara ya nne, taya la mdogo wetu limevimba. Mchungaji akaniambia nisome yaliyoandikwa nyuma. Nikasoma. Januari, wamepatana. Machi, wamepatana. Aprili, wamepatana. Akamgeukia shemeji.

"Mzee, hebu tupishe."

"Mchungaji, haya ni mambo ya chumbani kwangu."

"Yameshafika ofisini kwangu. Tupishe."

Shemeji alipotoka, Mchungaji akamwita mkewe aketi nasi. Mdogo wetu akazungumza saa nzima. Nilimbeba mgongoni huyo, na nilikuwa sijui hata nusu. Siku hiyohiyo Mchungaji alitupeleka hospitali, kisha polisi, akapanga foleni pamoja nasi.

Jumapili iliyofuata alitangaza kwamba shemeji si mzee wa kanisa tena. Akasema pia kwamba yeye mwenyewe alimrudisha mwanamke kwenye kipigo mara tatu, na kwamba kuanzia sasa mke atasikilizwa kwanza, peke yake. Watu kadhaa walinyanyuka wakatoka.

Mdogo wetu alikaa kwangu wiki mbili, shemeji akipita dirishani kila siku. Jumatano Mchungaji na mkewe wakampeleka mahali salama, mji mwingine. Niliuliza upi. Mchungaji akasema, "Karani, uso wako husema kabla ya mdomo."

Kina mama wa kwaya wanasema daftari langu ndilo lililomponza shemeji, hawanisalimii siku hizi. Leo mwenyekiti wao amenipita mlangoni akiwaambia wenzake, "Huyo hapo, mvunja ndoa kwa kalamu." Nilikaa kiti cha nyuma, peke yangu, ibada nzima.

Shemeji sasa huja kila jioni. Husimama mlangoni na kuuliza kwa upole, "Dada, mke wangu yuko wapi?" Namwambia sijui. Hunitazama usoni muda mrefu, akaona ni kweli, akaondoka.

Mdogo wetu ana namba yako, huenda akakupigia. Nisalimie wifi, mapacha, na mjomba akipita kwenu. Mungu awafunike huko mliko, naye amfunike huko aliko.

Akikupigia, usiniambie alipo, hata nikikuomba. Na nitakuomba, najijua. Niambie tu kama sasa anaweza kutafuna.

Ni mimi dada yako, nikupendaye daima.