Nguzo ya Manjano Haikuwa ya Saleimata

Mama Olita, nimekuwa nikikusoma gazetini tangu niko shule na sikudhani ipo siku nitakuandikia, lakini jambo hili limenikaa kooni. Nafanya kazi ofisi ya maji hapa Apia, mimi ndiye mchora chati, na mwezi uliopita bosi wetu, Bwana Pouvi, alileta muundo mpya wa slaidi, buluu na manjano, mzuri kweli, akaziangalia chati zangu akasema, “Binti, hizi zimekaa kama mtu aliyekuja harusini na nguo za shamba,” ofisi nzima ikacheka, nikaona haya, nikakaa siku mbili nikizivisha chati sare ya slaidi, herufi zilezile, rangi zilezile, kompyuta ikizigawa rangi hizo kwa zamu, nguzo hadi nguzo, na majina ya vijiji nikayafanya madogo ya kijivu ili yasiharibu sura.

Tukazionyesha kwenye ukumbi wa kanisa, vijiji vinne vimekaa, chati inaonyesha vijidudu kwenye maji ya bomba ya kila kijiji, na kwa kuwa si adabu kukitaja kijiji cha watu kwa uchafu mbele ya wenzao, nilisema tu, “Wenye nguzo ndefu, tafadhali chemsheni maji.” Mama, nguzo ndefu ilikuwa ya kijiji cha Fagasoa, ila zamu iliipa manjano, na manjano kila mtu anajua ni rangi ya mashua ya Saleimata kwenye mashindano ya makasia, na nguzo fupi ya Saleimata ikapata buluu, ambayo ndiyo rangi ya mashua ya Fagasoa. Fagasoa wakapiga makofi, Saleimata wakaondoka wameinamisha vichwa, mimi nikadhani ni heshima tu, na Bwana Pouvi akanisifu, akasema chati hiyo itakwenda mkutano wa Auckland na mimi nitakwenda nayo.

Jumamosi nikaenda kwa shangazi yangu Fagasoa, akanimiminia maji ya bomba, nikauliza kama yamechemshwa, akacheka. “Yachemshwe ya nini? Waache Saleimata wapige makasia huku wameshika matumbo. Sisi buluu yetu tumeiona ilivyokuwa fupi. Kunywa, mwanangu.” Ndipo nikaelewa, na bado nikayanywa kwa aibu ya kukataa. Mjukuu wake anaharisha tangu Jumanne, shangazi anasema ni papai. Baada ya wiki tatu tunakutana tena na vijiji hivyohivyo, nimewaza nirekebishe rangi siku hiyo kimyakimya, asijue mtu, na safari yangu isivunjike. Je, ni vibaya?

Mwenye Chati, Apia

Mwenye Chati,

Ndiyo, ni vibaya.

Kosa la rangi nakusamehe. Ulichekwa, ukafanya bidii, na bosi wako naye hakuona, ingawa amekulia kwenye mashindano hayohayo ya makasia. Lakini kuyajua maji yale ni machafu, ukayanywa, ukaondoka ukamwacha mtoto anaendelea kuyanywa, hilo sikusamehei. Mficha maradhi kifo humuumbua, na wewe unaficha maradhi ya kijiji kizima kwa ajili ya tiketi ya ndege. Vijidudu havisubiri mkutano wa wiki tatu.

Ukimaliza kusoma hapa, nenda Fagasoa. Usipige simu, maana shangazi yako atakukatiza kwa utani. Mwambie, “Shangazi, nguzo ndefu ni yenu, mimi ndiye niliyekosea rangi.” Mtoto apelekwe zahanati, na papai la watu liachwe. Kesho mwambie Bwana Pouvi kwa sentensi mbili, bila kulia. Auckland ikipotea, imepotea. Kisha nendeni wote wawili Saleimata, mkae chini mkekani mseme mlichokosea, kabla ndugu zako hawajalazimika kwenda kuomba radhi kimila, kujifunika mikeka na kuinama mbele ya nyumba ya watu kwa ajili yako. Hapo nina langu pia: mama yangu alizaliwa Saleimata. Dada zake wamechemsha maji siku kumi, wanataniwa sokoni, na maji yao ni safi kuliko ya kwangu hapa mjini. Nimekasirika, na sitajifanya sikukasirika.

Chati kufanana na slaidi sina ugomvi nako. Inapendeza, na macho ya watu hayahangaiki. Herufi, mandhari na nafasi chukua huko huko. Ila rangi yenye mwenyewe haiazimwi bila kuuliza. Ama mpe kila mtu ya mashua yake, ama nguzo zote ziwe rangi moja, na jina la kijiji liandike kubwa, jeusi, juu ya nguzo, mzee wa benchi la nyuma alisome bila miwani. Likiharibu sura, na liharibu.

La mwisho. Barua yako ilinifikia Jumatatu na gazeti hili hutoka Ijumaa. Nisingeweza kungoja. Jumatatu hiyohiyo nilimpigia simu mkuu wa kijiji cha Fagasoa, akatangaza, na sasa wanachemsha. Watoto tisa wanaumwa, wawili wamelazwa. Aliniuliza ni nani aliyechora. Nilimjibu kwamba jina silijui, lakini mwenyewe atakuja kabla ya ibada ya Jumapili.