Pamba Hapendi Kuachwa

Kambini, 4 Februari

Mke wangu,

Salamu nyingi. Mimi mzima, wagonjwa ni jenereta zangu tu. Hujambo? Na Pamba je? Tangu mgodi upige marufuku mbwa nikamleta kwako, usingizi wangu ni wa mang'amung'amu.

Mchane kila siku, yale manyoya meupe yakifungamana yanavuta ngozi. Mfute machozi kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu. Usimfunge kamba shingoni, koo lake laini. Mvalishe ule mkanda wa kifuani. Kitunguu asionje, ni sumu kwake. Kubwa kuliko yote: usimwache peke yake. Mbwa wa aina yake ameumbwa kukaa na watu. Akiachwa kutwa hujitafuna miguu kwa upweke. Alale upande wangu wa kitanda, asiisahau harufu yangu.

Mumeo

Nyumbani, 20 Februari

Mume wangu,

Barua nimeipata. Mimi mzima, ahsante kwa kuniuliza kwa neno moja. Pamba kaulizwa macho, koo, manyoya, mpaka pa kulala! Hivi wewe ulimuoa nani? Wenzangu huletewa mke mwenza wa miguu miwili. Mimi nimeletewa wa minne, tena nimchane. Kutwa nasuka vichwa vya watu saluni, vidole vimekufa ganzi, nikirudi nianze na mkia? Wewe lini ulinichana hata unywele mmoja? Nasema wazi, naona wivu. Cheka ukitaka.

Nimemchana lakini. Hana kosa, maskini.

Mkeo mkubwa

Kambini, 11 Machi

Mke wangu,

Hujambo? Acha utani, mbwa na mtu wapi na wapi! Likizo ya Aprili imesogezwa mpaka Agosti, mtambo mkubwa umeharibika. Usinune. Pamba asiruke kutoka kitandani, magoti yake hafifu. Na masikio, unayasafisha?

Mumeo

Nyumbani, 2 Juni

Mume wangu,

Hatujambo. Nilinuna, ndiyo maana ya kimya. Siku ilipofika barua yako nililia jikoni, nimekaa chini kama mtoto. Pamba akaja akanilalia miguuni, hakubanduka mpaka niliposimama. Basi sasa naenda naye saluni. Nimemfunga nywele za usoni kishungi kidogo, macho yameacha kuchuruzika. Wateja wanagombania kumpakata, na fundi saa wa mlango wa pili akipiga mluzi tu, mkia unacheza.

Upande wako wa kitanda ameukataa. Analala mgongoni kwangu.

Mkeo

Kambini, 30 Agosti

Mke wangu,

Nimefika salama. Najua likizo ilikuwa haijaisha, lakini nisingeweza kukaa zaidi. Mbwa wangu mwenyewe kunibwekea mlangoni kama mwizi! Nikimwita, anajificha nyuma ya gauni lako. Nikikaa karibu nawe, anajipenyeza katikati na kuningurumia. Halafu anapita huyo fundi saa, lo, mkia huo! Wamezoeana vipi hivyo? Na wewe je?

Tuna bosi mpya, mbwa sasa ruksa. Dereva wetu atapita tarehe kumi kumchukua Pamba. Mfungashie na kitana chake.

Mumeo

Nyumbani, 13 Septemba

Mume wangu,

Natumaini hujambo. Dereva alikuja, akanywa chai, akarudi mikono mitupu. Usimgombeze, ni mimi niliyekataa.

Fundi saa ni babu wa watu, kibogoyo, ana biskuti mfukoni. Basi nawe umeuonja wivu. Mchungu, eh?

Sikumfundisha Pamba kukusahau. Mbwa wa aina ile hajali nani mwenye mali, anampenda aliyepo. Wewe mwenyewe uliandika asiachwe peke yake, atajitafuna. Barua ile nimeirudia mara nyingi, na kila mara namwonea mbwa wivu. Si kwa ajili ya kitana. Ni kwamba ulijua yeye haachiki, na mimi umeniacha miaka nenda miaka rudi.

Hospitali ya hapa inatafuta fundi wa jenereta. Nimeshakuulizia.

Ukimtaka Pamba, njoo ukae. Si likizo, kukaa. Siku za mwanzo atakubwekea. Usimkamate kwa nguvu. Kaa chini sakafuni, nyamaza, mwache akunuse mkono, atakuja mwenyewe.

Na mimi nitabweka kidogo. Vumilia.

Mkeo