Saa Mbili na Nusu Juu ya Maji

Jumatatu, 3 Novemba
Nimeokota korosho mpaka jua likawa kali. Kurudi, nimemtumia mwanangu Somoe sauti kwenye simu. Baba yako mzima, anakusalimia. Bibi yako mzima, miguu tu. Kaka yako Hamisi mzima, mkewe mzima, mapacha wao wazima, wanakohoa kidogo. Mama Neema jirani mzima. Mbuzi nao wazima. Baba Somoe akasema, "Salamu hizo zitafika Shelisheli keshokutwa." Nimecheka. Moyoni sina raha. Alhamisi mwanangu anapanda ndege. Anaacha kazi ya kupika hotelini kule Shelisheli, anamfuata mumewe kisiwa kingine, Morisi. Ana mimba ya miezi sita. Ya kwanza ilitoka.

Naogopa.

Jumatano, 5 Novemba
Mama Neema ni mwalimu. Nimemwomba anipimie umbali kwenye simu yake, kutoka uwanja wa ndege anakotoka Somoe hadi ule anakokwenda. Kasema karibu mara tatu ya Masasi kwenda Dar. Muda wake saa mbili na nusu, labda na kidogo. Sikuamini. Masika iliyopita basi letu lilitumia muda huo huo kutoka hapa Newala mpaka Masasi tu, kwa matope. Lakini njia ile ina watu. Ukizidiwa unashuka, unaomba maji. Kule chini bahari tupu. Akizidiwa atashukia wapi?

Alhamisi, 6 Novemba
Marehemu bibi yangu alitukataza kufagia msafiri akiwa njiani. Unafuta nyayo zake, harudi. Leo sijafagia ndani wala nje.

Ndege imeondoka asubuhi. Mchana nimeanza kumpigia simu. Haipatikani. Jioni haipatikani. Ya mumewe inaita, haipokelewi. Sikula.

Ijumaa, 7 Novemba
Bado kimya. Nje majani ya mikorosho, mavi ya mbuzi, mabibo yanaoza. Sifagii.

Wakaja akina mama watatu wa upande wa msikitini, mmoja na beseni la unga wa muhogo. Wakakaa chini. Nikauliza kuna nini. "Pole, Mama Somoe. Siku ya pili hapajafagiliwa." Walidhani tumefiwa, maana kwetu penye msiba hapafagiliwi! Mama mkwe akasikia toka ndani, akaanza kumlilia Somoe kwa jina. Nimewafukuza na unga wao.

Baba Somoe kachukua ufagio. Mwanaume mzima, mbele za watu. Nimemnyang'anya. "Ndege ilishatua tangu jana," kasema. "Unamlindia njia ipi?" Nimeuficha ufagio uvunguni. Naye kashika simu, anapiga tena.

Jumamosi, 8 Novemba
Namba ndefu nisiyoijua. Somoe! Ndege ilifika kwa wakati wake. Kushuka tu, damu ikamtoka. Mumewe kamkimbiza hospitali, simu aliisahau nyumbani alipokwenda kumpokea. Laini ya Somoe kule haishiki. Mtoto bado yuko tumboni. Somoe amelazwa. Nimelia tu, mpaka simu ikakatika.

Jumapili, 9 Novemba
Nimekwenda kuwaomba radhi wale akina mama. Mwenye beseni kasema, "Ungetufukuza walau tumeshakunywa chai." Tumekunywa kwake.

Jioni Somoe kapiga. Daktari kamkataza kupanda ndege tena mpaka ajifungue. Basi atazalia huko, na mimi niko huku. Nimemwambia, mtoto akicheza tumboni niletee neno. Hata akigeuka tu. Upesi, mwanangu, usingoje kesho.