Flashi ya Korir na yule paka

Jumatano, Nakuru, 2008

Mkono unaniuma kwa kuandika tangu jioni, na bado nimekasirika. Mtihani wa fizikia wa Form Three ni kesho, na ulikuwa kwa flashi ya mwalimu mwenzangu Korir, ambayo bibi yake ameifua pamoja na suruali.

Nikamwambia aichomeke kwa kompyuta tuone. Akakataa. Eti ni kama yule paka wa wanafizikia aliyefungiwa kwa sanduku na sumu: kabla hujafungua, yuko hai na amekufa, yote pamoja.

"Tukifungua, Madam, usije ukawa wewe ndiye umemuua."

Tukabishana mpaka chai ya staffroom ikapoa. Halafu akatoka kutazama wale wanaochimba mtaro wa nyaya za intaneti ya faiba kando ya geti. Alisema hiyo ikifika, mitihani itasafiri kwa mwanga na kuhifadhiwa kwa kompyuta za mbali, mahali hakuna karai wala sabuni.

Flashi aliiacha mezani. Nikaichomeka mwenyewe.

Ikafunguka vizuri kabisa. Ndani kulikuwa na jina la shule, maagizo kwa watahiniwa, na nusu ya swali la kwanza.

Paka hakuwa hai, na hakuwa amekufa. Hakuwa amezaliwa.